Biashara ya michembe: faida iko kwenye ukavu

Wafanyabiashara wa mazao wanaonunua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza wakati wa njaa ni wengi. Wanaofanya hivyo kwa viazi vitamu ni wachache, kwa sababu kiazi kibichi hakingoji bei: baada ya majuma machache tu kinaoza, kinachipua au kinashambuliwa na fukusi. Hata hivyo, Usukumani dawa ya tatizo hilo inajulikana tangu enzi za mababu, nayo ni kukausha.

Bukundi, wilayani Meatu katika mkoa wa Simiyu, iko kwenye ukanda wa mvua chache na zisizotabirika. Mahindi yanapokauka shambani, kaya isiyo na akiba huuza ng'ombe au mbuzi kwa bei ya kutupa ili inunue nafaka iliyokwisha kupanda bei. Kaya yenye michembe ndani huvuta siku na huiokoa mifugo yake. Hapo ndipo thamani ya bidhaa hii inapoanza, kabla hata haijafika sokoni.

AINA MBILI

Michembe hutokana na viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Michembe huhitaji kupikwa, mara nyingi pamoja na karanga au kunde. Matobolwa yameiva tayari. Msafiri au mchungaji anaweza kuyatafuna njiani bila moto wala sufuria. Kazi hii hufanyika zaidi wakati wa kiangazi, mvua zikishaondoka na jua likiwa kali.

Kinachohifadhi chakula hapa ni ukosefu wa maji. Kiazi kibichi kina maji takriban asilimia 70, na vimelea vya uozo na ukungu haviwezi kuishi bila maji. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 12, vimelea hivyo husimama.

Viwanda vya nje hutumia kanuni hiyo hiyo kwa mitambo. Nchini Marekani, chakula kilichopikwa hugandishwa kwa baridi kali, kisha barafu yake huondolewa kama mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa. Kampuni ya Mountain House, inayouza vyakula vya namna hiyo kwa wapiga kambi na watu wanaoweka akiba ya dharura, hutangaza kuwa bidhaa zake hudumu hadi miaka 30. Mitambo na umeme wake ni ghali, na bei kwa mlaji hufuata gharama hizo. Jua la Meatu halina ankara, lakini pia halitoi dhamana ya miaka 30. Michembe ni bidhaa ya msimu hadi msimu.

HESABU YA MNUNUZI

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya kilo ya kiazi kibichi na kilo ya michembe. Ukiondoa maganda na maji, kilo moja ya michembe hula takriban kilo tatu na nusu za viazi vibichi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Viazi kilo 350 kwa Sh. 300 kila kilo ni Sh. 105,000. Kumenya, kuanika, mifuko na usafiri tuseme ni Sh. 25,000. Jumla ni Sh. 130,000 kwa kilo 100 za michembe, yaani Sh. 1,300 kwa kilo. Wadudu wakila asilimia 20 ghalani, zinabaki kilo 80, na kila kilo imemgharimu mfanyabiashara Sh. 1,625. Akiwa amekopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka na kukaa na mzigo miezi sita, gharama inafika karibu Sh. 1,770. Hivyo adui mkubwa wa faida yumo ghalani, naye ni mdudu.

KUJIKINGA

Mnunuzi avunje kipande kabla ya kulipa. Kikavu hukatika kwa mlio. Kinachopinda bado kina maji. Anaweza pia kutia vipande vidogo na chumvi kavu ndani ya chupa safi na kutikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mzigo urudi juani.

Baada ya hapo, mifuko isiyopitisha hewa ya aina ya PICS, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, huwaua wadudu kwa kuwakosesha hewa, bila dawa. Masharti ni mawili: mzigo uwe mkavu kabisa na mfuko usiwe na tundu. Mzigo wenye unyevu utaota ukungu humo humo.

Mauzo nayo yafanyike kwa mizani. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na humwumiza zaidi muuzaji wa bidhaa nyepesi kama hii.

WANUNUZI NI NANI

Akiba ya taifa si soko la haraka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua nafaka, hasa mahindi. Wanunuzi wa uhakika ni kaya za mijini zenye asili ya Usukumani, shule na wauzaji wa rejareja. Kambi za watalii zinazoizunguka Serengeti zinaweza kupenda matobolwa kama kitafunwa cha safari, lakini huko gunia halikubaliki. Panahitajika kifungashio safi, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wanaoanza.

Mwenye mtaji mdogo anashauriwa kuanza na magunia machache, kuyapima kila mwezi na kuandika kilichopotea. Msimu mmoja wa kumbukumbu hizo utamwonyesha kama ghala lake linafaa kubeba mzigo mkubwa zaidi.