Kipi Kikatwe Kwanza?

Siku hizi ukipita kwenye karakana za vyuma za miji yetu waweza kukuta meza pana ya chuma, yenye mbavu za bati badala ya ubao, na juu yake tochi inayotembea peke yake ikikata bamba kwa moto wa buluu. Kijana mmoja amekaa kando akitazama kioo cha kompyuta. Hiyo ndiyo mashine ya kukata kwa plasma inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC. Mapambo mengi ya mageti yenye maua na majina ya wenye nyumba hukatwa kwa mashine ya namna hiyo.

Plasma yenyewe si jambo la jana. Robert Gage, wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, alipata hataza ya tochi ya namna hii mwaka 1957. Hewa husukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo la nozo, umeme hupita humo humo, na hewa ile hupata joto la nyuzi 20,000 na zaidi. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, kwa hiyo hakina ubishi. Ama kuongoza mashine kwa tarakimu, hilo lilionyeshwa katika chuo cha MIT, huko huko Marekani, mwaka 1952. Yote mawili ni makongwe kuliko wengi wa vijana wanaoyatumia.

Ninalotaka kulizungumza leo ni dhana kwamba mashine, kwa kuwa ina kompyuta, inajua kazi. Haijui. Inasoma amri mstari kwa mstari: nenda pale, washa moto, zunguka, zima, nenda kwingine. Ukiiambia ianze na jambo linalopaswa kuwa la mwisho, itaanza nalo bila kusita.

Katika karakana moja, ambayo sitaitaja, kijana alipewa kazi ya kukata flanji 12 za mabomba ya maji. Flanji ni duara la bamba, katikati lina tundu kubwa la bomba, na kandokando matundu manane ya bolti. Programu ilikata kwa mpangilio ule ule mchoro ulivyochorwa, yaani duara la nje kwanza. Duara likakatika, likalegea, likainama kidogo kati ya mbavu za meza. Kisha tochi ikarudi kutoboa matundu mahali ambapo flanji ilikuwapo, si pale ilipo sasa. Sita zilikwisha kuharibika ndipo mtu akashtuka.

"Mzee, mimi nimefuata mchoro," kijana akamwambia fundi mkuu.

"Kwenye mchoro vipande havidondoki, mwanangu," mzee yule akamjibu.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: matundu ya ndani kwanza, ukingo wa nje mwisho, wakati kipande bado kimeshikwa na bamba. Kwa vipande vyembamba au virefu, mafundi wenye uzoefu huacha vishikizo, yaani milimita chache zisizokatwa, halafu huvikata kwa grinda baadaye.

La pili ni joto, na hapa ndipo wengi hupotea. Chuma cha urefu wa mita 1 kikipanda joto kwa nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 1.2 hivi. Ukikata vipande vinavyopakana, kimoja baada ya kingine, upande mmoja wa bamba unachemka na mwingine u baridi. Bamba linajivuta, linapinda, na vipande vya mwisho havilingani na vya mwanzo. Dawa yake ni kurukaruka: kata hapa, nenda pembe nyingine, rudi baadaye kule kulikopoa. Programu nyingi hupenda njia fupi ili kuokoa dakika. Vipande 10 tu vinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800, na kompyuta itakutafutia ulio mfupi, lakini mfupi si lazima uwe salama kwa bamba.

La tatu ni tochi yenyewe. Mashine nyingi hupima umbali kati ya tochi na bamba kwa kusoma volti za moto. Moto ukirefuka, volti hupanda, na mashine hushusha tochi. Sasa fikiria tochi inapita juu ya mkato wa zamani au tundu lililokwisha kukatwa huku moto ukiwaka. Volti zinapanda ghafla, mashine inadhani imekaa juu mno, inashuka, nozo inagonga chuma. Hata tochi iliyozimwa haiko salama, maana kipande kilichosimama upande mmoja kama mlango wazi huweza kuigonga wakati inakwenda kwingine. Kwa hiyo njia ya safari nayo hupangwa, si mkato peke yake. Tochi isipite juu ya vilivyokatika ikiwa kuna njia ya kuzunguka, na kama hakuna, inyanyuliwe juu vya kutosha.

Kuna jambo dogo ambalo hunifurahisha. Katika tochi nyingi hewa huzunguka kama kizingia, na kwa sababu hiyo upande wa kulia wa safari ya tochi hutoka umenyooka zaidi kuliko wa kushoto. Basi ukingo wa nje hukatwa kwa kufuata mshale wa saa, na matundu kinyume chake. Namna hiyo kipande unachokitaka huwa kuliani daima, na ubaya wote huangukia mabaki. Tochi pia haitoboi kwenye mstari wenyewe. Hutoboa pembeni, upande wa mabaki, kisha huingia mstarini kwa njia fupi, ili shimo la kutobolea lisiache kovu kwenye kazi. Matundu madogo hukatwa polepole, na tundu lenye upana mdogo kuliko unene wa bamba ni heri litobolewe kwa drili.

Kuyatawala haya yote si kazi ngumu. Mchoraji huweka matundu kwenye tabaka moja la mchoro na kingo za nje kwenye tabaka jingine, kisha huiamuru programu imalize la kwanza ndipo iguse la pili. Mwendo wa polepole wa matundu nao hupewa tabaka lake. Halafu, kabla ya kuwasha, hutazama safari nzima ikichezwa kwenye kioo.

Yule kijana alikatwa mshahara kufidia bamba. Mimi naona hilo si haki. Alifundishwa kwa siku mbili na waliouza mashine, akaonyeshwa kitufe cha kuanzia na cha kusimamishia, na hakuna aliyemtajia neno mfuatano. Fundi mkuu, aliyekata flanji kwa gesi na chaki maisha yake yote, alijua vizuri kwamba tundu hutangulia ukingo, lakini tangu mashine ilipoingia hakuna aliyemwita mezani. Mwenye karakana alilipia mashine mamilioni, akashindwa kuwakalisha watu wawili pamoja asubuhi moja.

Nasikia sasa wamekalishwa. Mzee hajui kompyuta na hataki kuijua, ila kila kazi mpya inapochezwa kwenye kioo anasimama nyuma ya kiti cha kijana, na mara nyingine anasema, "Hapana, anzia kule."