Kadi Yako ya Kliniki Inasema Nini Kuhusu Presha?

Leo tuanze na swali lililonikwamisha mbele ya darasa zima.

Nilikuwa nazungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu presha, yaani ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyosha mkono.

"Dada, mimi nilizaliwa njiti. Mama anasema sikufika hata kilo mbili. Bibi ana presha, na mama naye ameanza dawa. Sasa mimi ndiyo basi tena?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nilimwahidi kumjibu vizuri siku nyingine, kwa sababu neno "usijali" lisingemtosha. Makala hii ndiyo jibu lake. Huenda ni jibu lako pia.

Presha ni kitu gani?

Moyo ni pampu. Unasukuma damu ndani ya mishipa, na damu inabana kuta za mishipa hiyo. Kipimo chake kina namba mbili. Namba ya juu ni wakati moyo unasukuma, namba ya chini ni wakati moyo umepumzika kidogo. Kwa mtu mzima, 120 kwa 80 ni kipimo kizuri. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikabaki hivyo akipimwa siku tofauti, mtu huyo ana presha. Kwa watoto na vijana, kipimo huweza kusomwa kwa kuangalia umri na urefu pia. Kazi hiyo mwachie nesi au daktari.

Ubaya wa presha ni kwamba haipigi hodi. Mtu anakwenda shamba, anacheza bao, anacheka na watu, kumbe mishipa inaumia polepole. Siku moja anaanguka na kiharusi, au moyo unachoka, au figo zinashindwa kazi. Hapo utasikia majirani wanasema, "Jana tu alikuwa mzima, huyu karogwa!" Hakurogwa. Hakupimwa.

Daktari aliyesoma madaftari ya manesi

Zamani watu wengi waliamini kuwa magonjwa ya moyo ni ya matajiri, watu wa kula nyama na kupanda gari. Daktari mmoja Mwingereza, David Barker, aliona kuna kitu hakikai sawa. Barker, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mtafiti wa afya ya jamii katika mji wa Southampton. Afrika Mashariki aliijua pia. Kabla ya hapo aliwahi kufanya utafiti Uganda kuhusu kidonda cha Buruli.

Mwaka 1986, Barker na mwenzake Clive Osmond walilinganisha ramani mbili za Uingereza na Wales. Ya kwanza ilionyesha maeneo ambako watu wazima wengi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo. Ya pili ilionyesha maeneo ambako watoto wachanga wengi walikufa miaka ya 1921 hadi 1925. Ramani zilifanana! Tena yalikuwa maeneo ya maskini. Barker akajiuliza: Je, inawezekana ugonjwa wa mzee ulianza alipokuwa mtoto mchanga, au hata kabla hajazaliwa?

Ili kujua, alihitaji watu waliopimwa uzito siku ya kuzaliwa, miaka mingi nyuma. Angewapata wapi? Hapa anaingia mtu wa pili, nesi Ethel Margaret Burnside. Kuanzia mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire, yeye na manesi wenzake waliandika uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipofikisha mwaka mmoja. Walifuata watoto nyumba kwa nyumba, na kila kitu kikaingia katika madaftari.

Barker na wenzake waliyapata madaftari hayo. Waliwafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, wakaangalia nani yu hai, nani amekufa, na kwa ugonjwa gani. Matokeo yalitoka mwaka 1989. Waliokuwa na uzito mdogo zaidi walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka uliofuata, 1990, wakatoa utafiti mwingine wa mji wa Preston. Huko walipima presha za watu wenye umri wa miaka 46 hadi 54. Presha ilikuwa juu zaidi kwa wale waliozaliwa wadogo huku kondo la nyuma likiwa kubwa.

Hebu fikiria. Nesi anaandika namba moja kwenye daftari, na namba hiyo bado ina maana miaka 50 au 60 baadaye. Si mchezo!

Inakuwaje?

Mfano wa figo utakusaidia. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, kwa kawaida kama milioni moja katika kila figo. Vinachuja damu na kutoa uchafu, maji na chumvi iliyozidi. Vichujio hivi vyote hutengenezwa tumboni mwa mama. Ukishazaliwa na kukomaa, huongezewi vingine.

Mtoto asipopata chakula cha kutosha tumboni, mwili wake hupeleka kilichopo kwenye ubongo kwanza. Sehemu nyingine zinapunjwa, na figo zimo. Pia anayezaliwa njiti anaweza kutoka kabla vichujio havijakamilika.

Sasa chukua mfano wa zamu ya usafi shuleni. Uwanja ni uleule, lakini badala ya wanafunzi 40 wamekuja 20. Kazi itafanyika, lakini watachoka mapema. Na mtu akiendelea kumwaga takataka, hali inakuwa mbaya zaidi. Takataka hizo, kwa figo, ni chumvi nyingi.

Basi aliyezaliwa mdogo amekwisha?

Hapana! Hapa sikiliza vizuri.

Barker alipingwa na watafiti wengi. Walisema labda ni umaskini wenyewe unaoleta ugonjwa, au sigara, au mambo mengine ya ukubwani. Utafiti mwingi umefanyika tangu hapo. Sasa inakubalika kuwa maisha ya tumboni yana mchango wake, lakini kwa mtu mmoja mmoja tofauti ya presha inayoletwa na uzito wa kuzaliwa ni ndogo. Kuna watu wengi waliozaliwa wadogo ambao hawana presha, na wengi waliozaliwa na kilo nne ambao wanayo. Pia imeonekana kwamba aliyezaliwa mdogo, kisha akanenepa sana baadaye, yuko kwenye hatari zaidi kuliko aliyebaki na uzito wa wastani.

Ushahidi kwamba maisha ya sasa yana nguvu uko hapa kwetu. Miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Neil Poulter, waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Watu wa kabila lilelile, kutoka kijiji kilekile. Lakini ndani ya miezi ya mwanzo tu, presha za waliohamia mjini zilipanda kuliko za ndugu zao waliobaki. Walipopimwa mkojo, wa mjini walionekana kula chumvi zaidi na kupata potasiamu kidogo. Potasiamu ni madini yanayopatikana kwenye ndizi, maharage, viazi, matunda na mboga za majani, na husaidia kushusha presha.

Yaani uzito wa kuzaliwa hawakuubadilisha. Walibadilisha sahani tu, na maisha ya kila siku.

Usimlaumu mama

Kuna atakayesoma hapa aende kumwambia mama yake, "Kumbe ni wewe!" Tafadhali usifanye hivyo. Mama aliyebeba maji, kuni na mimba kwa pamoja hakuchagua kuzaa mtoto mdogo. Malaria, upungufu wa damu, kazi nzito, na kula wa mwisho baada ya watu wote kushiba, hayo ndiyo yanayopunguza uzito wa mtoto. Halafu kuna miiko. Mjamzito anaambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa kipara! Mayai ni chakula kizuri kwake.

Wavulana, hili linawahusu. Kama kuna dada, shangazi au mama mjamzito nyumbani, ndoo ya maji haikatazi mwanaume kuibeba.

Na wasichana, mwili wako wa miaka 15 bado unajengwa. Mimba katika umri huo inamfanya mama na mtoto wagombee chakula kilekile, na mtoto huwa na hatari kubwa ya kuzaliwa mdogo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kusubiri.

Fanya hivi kuanzia leo

1. Mwombe mzazi akuonyeshe kadi yako ya kliniki. Tafuta uzito wa kuzaliwa. Chini ya kilo 2.5 huitwa uzito mdogo. Kama ni wako, usiogope, ila mwambie nesi ukienda kupimwa.

2. Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa kupita kiasi, pamoja na ile iliyopikiwa. Mwambie muuza chipsi asimwage. Onja chakula kabla ya kushika kopo la chumvi. Hiyo kidogo unayotumia iwe yenye madini joto.

3. Kula mchicha, matembele, kunde, maharage, dagaa na matunda ya msimu. Si vyakula vya shida, ni vyakula vya akili. Dagaa wakiwa wa chumvi, waoshe kwanza.

4. Cheza, tembea, kimbia. Usivute sigara.

5. Mhimize mjamzito wa nyumbani aanze kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu, alale kwenye chandarua na apimwe presha kila akienda. Presha ya ujauzito inaweza kuleta kifafa cha mimba.

6. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Njiti afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama manesi watakavyoelekeza.

7. Kama mzazi wako anatumia dawa za presha, mkumbushe asiache kwa kuwa anajisikia vizuri. Presha inaweza kuwa juu hata mtu akijisikia vizuri.

Niliporudi shuleni, nilimwambia yule msichana hivi: "Umeanza na wafagiaji wachache. Basi usiwamwagie takataka, na kila mwaka pima." Akaniuliza, "Na bibi je, dada? Yeye anaweka chumvi mpaka kwenye uji." Nikamwambia hilo ni somo lake la kwenda kufundisha nyumbani.

Jadilianeni darasani

- Nyumbani kwenu, nani hula mwisho, na nani hupata kinachobaki? Je, ni haki?
- Ni miiko gani ya chakula mnayoisikia kuhusu wajawazito?
- Chakula cha shule yenu kina chumvi kiasi gani? Mnaweza kuzungumza na nani kuhusu hilo?