Aprili ya Chipukizi: Takwimu Zipi za Kuamini?

Kila mwaka ifikapo katikati ya Aprili, mashabiki wa besiboli nchini Marekani huanza kupiga hesabu. Msimu wa ligi ndogo una wiki mbili tu, lakini tayari yupo kijana aliyetoa mpira nje ya uwanja mara sita, na yupo mwingine ambaye kila akipiga mpira unaishia mikononi mwa walinzi. Wa kwanza wanataka apandishwe leo leo, wa pili wameshamkatia tamaa. Takwimu wanazozitumia ni za kweli. Shida ni kwamba nyingi kati yake hazisemi lolote kuhusu kijana mwenyewe, na zile chache zinazosema ndizo watu wanazoziruka.

Tuanze na ngazi yenyewe. Tangu 2021 kila moja ya klabu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli ina timu nne za vijana zinazocheza msimu mzima, jumla timu 120. Chukua Baltimore Orioles. Mwaka 2024 kijana wa Orioles alianzia Delmarva katika daraja la Single-A, akapanda Aberdeen katika High-A, kisha Bowie katika Double-A, na mwisho Norfolk katika Triple-A, akibakiza hatua moja tu kufika Ligi Kuu. Hatua hiyo ya mwisho si ya heshima peke yake. Mwaka 2023 mshahara wa chini wa mchezaji wa Triple-A ulikuwa dola 35,800 kwa mwaka, na wa Ligi Kuu dola 720,000. Ndiyo maana kila zamu ya kupiga hufuatiliwa kwa macho mengi.

Namba inayotazamwa kwanza ni wastani wa mapigo, yaani mapigo safi yaliyogawanywa kwa zamu za kupiga. Mwenye 0.300 huhesabiwa mpigaji mzuri, mwenye 0.250 ni wa kawaida. Kwa zamu 100, ambazo ni kiasi cha Aprili nzima, mmoja ana mapigo 30 na mwenzake 25. Mapigo matano katika wiki nne ni pigo moja na ushei kwa wiki. Mpira mmoja ukipenya katikati ya walinzi wawili, mwingine ukigonga donge la udongo na kumruka mlinzi, kijana wa kawaida anaonekana nyota. Hata hesabu za uwezekano zinasema hivyo. Mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.270, akipata zamu 100, mara mbili katika kila tatu utamkuta popote kati ya 0.226 na 0.314. Mara ya tatu atakuwa nje ya mipaka hiyo, juu au chini, bila chochote kubadilika katika upigaji wake.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halionyeshi. Ratiba ya ligi ndogo siku hizi hupangwa kwa wiki: timu mbili hukutana kuanzia Jumanne hadi Jumapili, mechi sita mfululizo, na Jumatatu ni mapumziko. Maana yake ni kwamba kufikia mwisho wa Aprili kijana amekutana na wapinzani wanne tu. Ikiwa wawili kati yao wana warushaji dhaifu, nusu ya msimu wake imekuwa sherehe. Ongeza uwanja na hali ya hewa. Anayecheza Aberdeen, Maryland, Aprili kuna baridi na mpira hauendi mbali. Anayecheza Albuquerque, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unapaa. Homurani, yaani mapigo yanayotoa mpira nje ya uwanja, tano za huku na tano za kule si mali moja.

Basi tutazame nini? Mtafiti Russell Carleton alijiuliza swali la manufaa: kila takwimu inahitaji zamu ngapi kabla haijaanza kueleza zaidi kuhusu mchezaji kuliko kuhusu bahati? Majibu yake yanatofautiana sana. Kiwango cha mpigaji kutolewa kwa straiki tatu, yaani mipira aliyoikosa au mizuri aliyoiacha, huanza kueleweka kwenye zamu 60 hivi. Kiwango cha kupewa besi ya bure, yaani kuvumilia mipira minne mibaya bila kuikimbilia, huhitaji zamu 120. Homurani huhitaji 170. Wastani wa mapigo unapita zamu 900, na hizo ni zaidi ya msimu mzima. Sababu yake iko wazi. Straiki tatu na besi ya bure ni mambo kati ya mpigaji na mrushaji. Hakuna mlinzi anayeingilia. Wastani wa mapigo unategemea wanaume wengine saba waliosimama uwanjani, nyasi, upepo na jiwe.

Hata kabla ya hizo, soma umri. Mwaka 2024 Samuel Basallo, mdakaji kutoka Jamhuri ya Dominika, alianza msimu na Bowie akiwa na miaka 19, akikabili warushaji waliomzidi miaka kadhaa, wengi wao wametoka vyuo vikuu. Katika mazingira hayo, kumudu tu ni habari njema. Kijana wa miaka 25 akitamba katika daraja ambalo ameshalicheza mwaka uliopita, amefanya kile kinachotarajiwa.

Aprili hiyo hiyo ya 2024 ilitoa mfano wa pande zote mbili pale Norfolk. Heston Kjerstad, aliyechaguliwa wa pili klabu zilipogawana vijana wapya katika uteuzi wa 2020, alipiga homurani 10 katika mechi 21. Alikuwa na miaka 25, na zamu zake zilikuwa takriban 100, pungufu ya zile 170. Orioles walimwita juu kabla mwezi haujaisha. Mwaka huo alicheza mechi 39 tu za Ligi Kuu, na mwezi Julai aligongwa kichwani na mpira wa mrushaji. Msimu uliofuata, 2025, wastani wake ulikuwa chini ya 0.200. Zile homurani kumi zilikuwa za kweli, ila hazikuwa ahadi.

Mwenzake alikuwa Jackson Holliday, chaguo la kwanza la 2022. Msimu wa 2023, akiwa na miaka 19, alipanda madaraja yote manne: mechi 14 Delmarva, 57 Aberdeen, 36 Bowie na 18 Norfolk. Wastani wake ulikuwa 0.323, lakini la kutazamwa zaidi lilikuwa kwamba alipata besi za bure 101 huku akitolewa kwa straiki tatu mara 118. Kwa kijana wa umri ule, jicho lile ni adimu. Aprili 2024 alipiga 0.333 katika mechi kumi za Norfolk, na tarehe 10 Orioles wakamwita Ligi Kuu, akaanzia na mechi ya ugenini Boston. Hapo mambo yakageuka: mechi kumi, mapigo mawili kati ya zamu 34 zinazohesabiwa kwenye wastani, straiki tatu mara 18. Akarudishwa Norfolk.

Je, dalili zake nzuri zilidanganya? Zilisema kweli kuhusu ligi ndogo. Huko alikuwa akitolewa kwa straiki tatu mara moja katika kila zamu tano. Ligi Kuu ikawa nusu ya zamu zake zote. Pengo kubwa kiasi hicho halihitaji kungoja, kwani linaonyesha kwamba warushaji wamepata mahali pa kumshambulia. Tena, tangu 2023 viwanja vyote vya Triple-A vilitumia mfumo wa kompyuta kuamua straiki, na eneo la straiki likawa dogo kuliko lile ambalo waamuzi wa Ligi Kuu huliruhusu. Besi za bure ziliongezeka kwa kila mtu. Anayesoma takwimu za Norfolk za miaka hiyo bila kujua hili humsifu kijana kwa uvumilivu ambao kiasi fulani amepewa na mashine. Holliday alirudi tarehe 31 Julai, na siku hiyo hiyo akapiga homurani besi zote zikiwa zimejaa, pointi nne kwa pigo moja. Mwaka 2025 alicheza mechi 149 na kupiga homurani 17.

Kwa warushaji kanuni ni ile ile. Achana na idadi ya mechi walizoshinda. Mrushaji anayeanza mechi hawezi kuandikiwa ushindi asipomaliza vipindi vitano, na mwezi Aprili makocha huwatoa chipukizi mapema kwa makusudi ili kulinda mikono yao. Tazama kasi ya mpira, kwa sababu hupimwa kila anaporusha na haimtegemei mlinzi yeyote. Kasi ikiwa imeshuka kilomita tatu au nne kwa saa kuliko mwaka jana, uliza habari za bega na kiwiko kabla hujauliza kitu kingine. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kulijua hili: David Matoma wa Uganda alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2023 akiwa mrushaji. Anayemfuatilia kijana wa aina yake ahesabu kasi, straiki na besi za bure anazogawa. Ushindi utakuja kwa wakati wake.

Pirates hao hao ndio walimfikisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini Ligi Kuu tarehe 26 Aprili 2017, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika huko. Alisaini 2008, na kwa miaka yote ile takwimu zake za kupiga zilikuwa za kawaida kabisa. Kilichompandisha ni ulinzi wake, jambo ambalo jedwali la Aprili halina safu yake.

Kwa hiyo ripoti ya mwanzo wa msimu isomwe kutoka nyuma kwenda mbele: umri na daraja kwanza, kisha straiki tatu na besi za bure, kisha homurani ukisubiri Juni, na wastani wa mapigo mwisho kabisa. Halafu angalia klabu inafanya nini. Makocha wanaona kila mpira, wana vipimo vya kasi na pembe ambavyo magazeti hayachapishi, na uamuzi wa klabu wa kumhamisha mchezaji hueleza mengi kuliko namba yoyote. Kijana mwenye wastani wa 0.260 anayepandishwa daraja mwezi Mei anastahili kufuatiliwa zaidi ya mwenye 0.340 anayeachwa palepale alipo.