ZAWADI KWA WANAFUNZI WANAOSOMA VITABU

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Kwa msingi huo, skuli nyingi duniani huwawekea wanafunzi wadogo malengo ya usomaji na kuwatunza wanaoyatimiza. Suala linalofaa kuzingatiwa na walimu na wazee ni aina ya zawadi, kwani zawadi isiyofaa yaweza kumfanya mtoto akipende kitunzo na akiache kitabu.

Mjini Dallas, Marekani, katika mwaka wa masomo 2007/2008, wanafunzi wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichokisoma, baada ya kufaulu maswali juu ya kitabu hicho. Ufahamu wao wa kusoma uliongezeka. Aidha, utafiti wa Marinak na Gambrell uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu wanafunzi 75 wa darasa la tatu, ulionesha kuwa waliozawadiwa kitabu walikuwa na hamu zaidi ya kuendelea kusoma kuliko waliopewa vitu vidogo vidogo visivyohusiana na usomaji.

Kwa hivyo, inafaa yazingatiwe yafuatayo:

(a) Lengo lilingane na uwezo wa kila mtoto. Anayeanza kusoma atosheke na kurasa chache.

(b) Mtoto aulizwe alichokisoma kabla ya kutunzwa, asije akafunua kurasa tu.

(c) Zawadi iwe kitabu. Skuli isiyo na uwezo huo impe mtoto nafasi ya kwanza ya kuchagua kitabu cha kuazima.