Mtazame Mdomo Kabla ya Rangi

Imekuja picha nyingine kutoka Uroa, hapa Unguja. Ndege wa manjano juu ya kuti la mnazi, kapigwa picha kwa simu kutoka chini, na swali ni lile lile: huyu ndiye kinengenenge wa Pemba? Siye. Huyo ni mnana, na mdomo wake mnene wa kuvunjia mbegu unaonekana hata kwenye picha mbovu kama hii.

Nikijibu hivyo naambiwa ndege ana mbawa, na Pemba si mbali. Hoja hii inanichosha kwa sababu nusu yake ni kweli. Vinengenenge wa Australia walivuka bahari hadi New Zealand miaka ya 1850, zaidi ya kilomita 1,500, wakazaliana huko. Mauritius, Shelisheli na Komoro nazo zina vinengenenge, lakini kila mahali wana wao. Kundi likishatua kisiwani mara nyingi huacha safari, huzaana lenyewe kwa lenyewe, na baada ya vizazi vingi huweza kuwa aina nyingine. Huyu wa Pemba, aliyepewa jina la kisayansi Zosterops vaughani mwaka 1924, haishi kwengine duniani. Lau angekuwa anakuja Uroa na kurudi, asingekuwa aina ya peke yake.

Isitoshe, maji ya kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa bara. Lakini Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa hicho na bara, una kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana Pemba ina ndege wanne wa kwao tu: huyu, na aina zake yenyewe za chozi, ninga na bundi mdogo. Unguja haina hata mmoja wa kwake peke yake, na Waunguja wenzangu msinune.

Basi, mdomo kwanza. Mnene: mnana. Mrefu uliopinda: chozi, ambaye jike lake lenye tumbo la manjano hafifu huwadanganya wengi. Mfupi, mwembamba, wenye ncha: sasa tafuta pete ya vijinyoya vyeupe kuzunguka jicho. Yuko peke yake? Tia shaka, vinengenenge hutembea kikundi, wakiitana bila kupumzika, wakining'inia kichwa chini kudonoa wadudu chini ya majani. Piga picha ya ubavu. Programu ya simu ikikupa jina, hakikisha kwanza ndege huyo anaishi kisiwa ulichopo. Na mwenye hamu kweli apande boti ya Pemba. Si lazima afike msitu wa Ngezi. Bustani yenye miti Chake Chake inatosha.