Mali Bila Daftari

Ndugu msikilizaji, mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, wengi tuliulizana: mto huu ulikuwaje zamani? Majibu yameandikwa. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa nje, wamechunguza kilimo cha mlau, mikoko, uvuvi na mpango wa bwawa ambalo leo linaitwa Julius Nyerere.

Nami nikaitafuta ripoti moja ya namna hiyo. Anwani yake ya intaneti nilikuwa nayo daftarini. Nilipoifungua nikaambiwa ukurasa haupo. Ripoti haikuungua moto. Ilihamishwa tu, na aliyeihamisha hakuacha maelekezo.

Dawa ya maradhi haya ni namba ya kudumu. Iliyo maarufu zaidi huitwa DOI. Huanza na 10 na nukta, zikafuata tarakimu za mchapishaji, kisha mkwaju na alama za chapisho lenyewe. Namba hiyo haisemi chapisho liko wapi, bali ni lipi. Mahali lilipo huandikwa katika daftari kuu. Ni kama mzee wa Msala aliyehamia Nyamisati: jina ni lile lile, ila mjumbe lazima aambiwe amekwenda wapi. Makala ya Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck ya mwaka 2007, iliyouliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au neema, inayo namba ya aina hii.

Namba hupatikanaje? Mwandishi hajipi mwenyewe. Humpelekea mkutubi wa chuo nakala ya mwisho, jina, mwaka, muhtasari na ruhusa ya kuiweka hadharani. Maktaba nyingi za vyuo vyetu huhifadhi kazi hizo kwa programu ya DSpace, ambayo hutoa namba za mfumo wa Handle. Hapa pana mtego: chuo kisipojisajili, programu huanza namba na 123456789, na namba hiyo haitambuliki nje ya chuo chenyewe. Mwanafunzi, tazama hilo kabla hujaondoka dirishani.

Kwa DOI, chuo hujiunga na shirika kama Crossref, lililoanza mwaka 2000, au DataCite la mwaka 2009. Ada ilikuwa kikwazo, lakini tangu 2023 Crossref imeziondoa kwa nchi kadhaa zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo.

Tuelewane, lakini. Namba si cheti cha ubora. Hata kazi mbovu huweza kuwa nayo. Wala haijirekebishi. Maktaba ikibadili mtambo bila kusahihisha daftari kuu, namba itampeleka msomaji kwenye nyumba tupu. Kwa hiyo kazi hii inahitaji mkutubi mwenye jukumu hilo mwaka hadi mwaka, na bajeti yake.

Mkulima wa mlau aliyeacha jembe ili ajibu maswali ya mtafiti anatudai kitu kimoja: mjukuu wake aweze kukisoma alichokisema babu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.