Mshipa uliopandikizwa: arginini inasaidia?

Ku hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, wanapasuliwa watu wenye walipigwa masasi. Risasi ikikata mshipa mkubwa wa damu, munganga anaweza kukata kipande cha mshipa wa mguu na kukiunganisha pale. Hatari ni kwamba kinaweza kuziba baadaye.

Arginini, moja ya amino asidi za protini, inasaidia mwili kulegeza mishipa. Kwa sungura, ilipunguza unene wenye kuziba mshipa uliopandikizwa. Kwa watu haijahakikishwa. Utafiti wa Marekani wa 2006, kwa wagonjwa 153 wa moyo, ulisimamishwa: 6 waliopewa arginini walikufa, wengine hakuna.

Basi, mbele ya kununua vidonge, muulize munganga. Maharagi, karanga na sambaza tayari ziko na arginini. Na sigara, muache.